Shilingi ya Upande wa Pili

Baba yangu aliacha santuri 61, zile ndogo za inchi 7, ndani ya sanduku la mbao lililowahi kusafirishia majani ya chai. Mwaka jana nilizitoa moja moja ili nizifute vumbi, na kwa kuwa nilikaa karibu na dirisha, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona nilipokuwa mtoto. Santuri iliyochezwa sana hubadilika rangi. Ikiwa mpya hung'aa. Sindano ikishapita mara nyingi, ule mng'ao huisha na kubaki kijivu, kama kiti cha baiskeli kilichokaliwa miaka. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga unaweza kusema ni upande upi uliopendwa.

Katika santuri za baba jibu lilikuwa moja karibu kwa zote. Upande wa kwanza kijivu, upande wa pili bado unang'aa. Isipokuwa moja. Ilikuwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika, na hiyo ilikuwa imechakaa kinyume: upande wa kwanza ulikuwa na hali ya kuridhisha, upande wa pili umekwisha kabisa, mistari imelika hadi unapoiweka sindano unasikia kwanza mvua, halafu magitaa kwa mbali ndani ya mvua hiyo.

Niliandika makala haya kwa sababu ya santuri hiyo. Nilitaka kujua ni nani aliyeupenda upande wa pili kiasi hicho, na kwa nini katika kumbukumbu zote nilizowahi kusimuliwa kuhusu baa, santuri na jukiboksi, mtu huyo hayumo.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye simu, inafaa kueleza kwanza kwa nini santuri hizo zilikuwa na pande mbili za wimbo mmoja. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ililetwa sokoni na kampuni ya Marekani ya RCA Victor mwaka 1949. Ni nyepesi, ni ndogo, na kila upande unabeba dakika chache tu, nne au tano hivi. Ilitengenezwa kwa ajili ya wimbo mfupi wa Marekani, ule unaoanza, unaimba kiitikio mara tatu na kwenda zake. Bendi zetu hazikupiga hivyo. Bendi ya Nairobi au Dar es Salaam ya miaka ya 70 iliucheza wimbo kulingana na miguu ya watu waliokuwa ukumbini: mwanzo wa polepole wenye hadithi na waimbaji wanaoitikiana, kisha mahali fulani mpiga gitaa la solo anachukua usukani, mwendo unakaza, maneno yanapungua, na wachezaji wanaacha kusikiliza na kuanza kucheza kweli. Jambo hilo halimaliziki kwa dakika nne. Kwa hiyo wenye kampuni waliukata wimbo katikati. Upande mmoja ukaandikwa sehemu ya kwanza, wa pili sehemu ya pili. Mara nyingi sauti ilififishwa pale kisu kilipopita, kisha ikarudi taratibu upande wa pili, kama mtu aliyetoka nje kupokea simu.

Nyumbani kwetu Voi, mwanzoni mwa miaka ya 90, kisu hicho kilikuwa kazi yangu. Baba alikuwa mtu wa reli, na Jumapili mchana alikaa kwenye kiti chake cha mkeka, akanyoosha miguu, na sindano ilipofika mwisho akasema neno moja: "Geuza." Niliinua mkono wa mashine, nikaigeuza sahani, nikairudisha sindano kwa pumzi iliyozuiwa. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na kimya cha sekunde kumi. Mama alisema jambo kuhusu jirani, au mtu alikohoa, au kuku aliingia sebuleni. Nakipenda kimya hicho mpaka leo. Nikisikiliza wimbo uleule kwenye simu, umeunganishwa vizuri bila mshono, huwa namsubiri yule kuku.

Nimekiri hilo mapema ili msomaji ajue kwamba ninaposhuku kumbukumbu za watu wengine, na yangu ipo kizimbani.

*

Kumbukumbu hizi zimekuwa aina kamili ya usimulizi, na aina ya usimulizi inaweza kuhakikiwa kama riwaya. Utazisikia redioni Jumapili, utazisikia msibani baada ya mazishi, utazisoma kila mwanamuziki mkongwe anapofariki. Umbo lake halibadiliki sana. Ni mwisho wa mwezi. Msimulizi ni kijana, ana mshahara wa kwanza, amevaa suruali pana chini. Anaingia baa. Kwenye kona pana mashine inayowaka taa za rangi. Anatia shilingi, anabonyeza herufi na namba, mkono wa chuma unachagua santuri moja kati ya nyingi, na baa nzima inageuka kumtazama. Wimbo unaanza. Hadithi inaishia hapo, na msimulizi anatikisa kichwa na kusema muziki wa siku hizi hauna ujumbe.

Tuulize maswali ya kawaida ya uhakiki. Nani anasimulia? Karibu kila mara ni mwanamume aliyekuwa na shilingi. Nani yumo ndani ya hadithi bila kusema? Aliyemletea bia. Nini kimeachwa? Upande wa pili, ambao nitaurudia.

Hata jina tulilozipa nyimbo hizi linafaa kutazamwa. Tanzania wanasema zilipendwa, Kenya tunasema zilizopendwa. Ni kitenzi cha kutendwa, wakati uliopita, na kimekatwa mkia. Kwa kawaida Kiswahili kikisema kitu kilipendwa, sikio hungoja "na": kilipendwa na nani? Hapa hatungoji. Tumeufanya upendo wenyewe kuwa jina la muziki, na aliyependa tumemwacha nje ya sentensi. Mwaka 2017 kundi la WCB Wasafi lilipotoa wimbo wao ulioitwa "Zilipendwa", neno lilikuwa limeshakuwa mtindo wa mavazi na picha. Silalamiki. Neno likiwa halina mwenyewe, yeyote anaweza kulivaa.

Kukumbuka kununua nako kuna jiografia yake, ambayo wasimulizi huiruka. Kununua santuri kulikuwa jambo la Nairobi kuliko la Dar es Salaam. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Radio Tanzania ilirekodi bendi kwenye studio yake, ikahifadhi kanda na kuzirusha hewani, na kwa msikilizaji wa Morogoro au Tabora wimbo ulikuwa kitu kinachopita, kama mvua: unaukuta au unaukosa. Aliyetaka sauti yake igeuke kitu cha kushika alikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alirekodi huko, na alipokufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 alikuwa upande huu wa mpaka. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia Nairobi na Simba Wanyika yao. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wa bendi hiyo walijitenga wakaunda Les Wanyika. Kutoka Zaire walikuwa wamekuja Super Mazembe, ambao "Shauri Yako" yao haijatoka masikioni mwetu hadi leo. Na mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 na kubaki hivyo hadi 1983, kwa hiyo kwa miaka ile yote baba yangu alikuwa akinunua, kwenye maduka ya barabara ya River Road, Kiswahili cha Tanga ambacho Tanga wenyewe wasingeweza kukinunua kwa urahisi.

Alinisimulia jinsi ilivyofanyika. Maduka yaliweka spika mlangoni zikitazama barabara. Hukuingia ukiwa na jina la wimbo kichwani. Ulipita, ukasikia, ukasimama. Ukiingia ulimwomba muuzaji aurudie, naye aliuweka upande wa kwanza tu, nusu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na sindano ni mali. Ulilipa, ukapewa sahani ndani ya bahasha ya karatasi yenye tundu la duara katikati ili jina lisomeke. Upande wa pili uliukuta nyumbani. Baba alisema hiyo ndiyo iliyokuwa raha yenyewe, kwamba unanunua nusu unayoijua na nusu usiyoijua kwa bei moja.

Kwenye jukiboksi mambo yalikuwa tofauti, na ni tofauti hiyo iliyonirudisha kwenye santuri yangu iliyolika kinyume.

*

Mashine nyingi za kwanza za kutia sarafu zilicheza upande mmoja tu wa kila santuri. Mwaka 1948 kampuni ya Seeburg ya Chicago ilitoa mashine iliyoweza kucheza pande zote mbili: santuri 50, chaguo 100. Miaka miwili baadaye ikatoa iliyotumia santuri za mizunguko 45. Kwa mwenye baa wa Marekani hilo lilikuwa neema, nyimbo mara mbili kwa nafasi ileile. Kila upande ulipewa herufi na namba yake kwenye karatasi nyembamba nyuma ya kioo.

Fikiria sasa mashine ya namna hiyo ikiwa na santuri za kwetu. Haijui kwamba upande wa kwanza na wa pili ni wimbo mmoja. Kwake ni bidhaa mbili. Ukitia shilingi unapata hadithi, waimbaji, malalamiko, na pale gitaa linapoanza kukaza, kimya. Ukitaka kucheza, tia shilingi nyingine. Na kama mtu mwingine amekutangulia na chaguo lake, wimbo wako unabaki umening'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani, na baa nzima inakaa na kiuno kilichosimama njiani.

Niliwauliza wazee watatu wa Voi waliokuwa wateja wa baa miaka hiyo kama wanakumbuka kukatizwa huku. Wote walicheka. Mmoja alisema palikuwa na watu waliojulikana kwa tabia ya kulipia sehemu ya kwanza na kuacha ya pili ilipiwe na wengine, na kwamba watu hao hata kwenye harambee walikuwa vivyo hivyo. Lakini katika kumbukumbu zao za kwanza, zile walizonisimulia kabla sijauliza, jambo hili halikuwemo. Wimbo uliokumbukwa ulikuwa mzima. Nadhani kumbukumbu imefanya kazi ileile inayofanywa na programu za simu zetu: imeunganisha pande mbili na kufuta mshono.

Mtu aliyenipa mshono ni shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mhudumu katika baa moja iliyokuwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, kuanzia 1978 hadi 1983. Katika familia yetu hilo halikuzungumzwa. Ilisemwa "alikuwa akifanya kazi Voi mjini", na sisi watoto tulidhani ofisini. Nilipompelekea ile santuri alikuwa amekaa barazani akichambua kunde. Aliishika kwa kingo, kwa viganja, bila kugusa mistari, nami nikajua papo hapo kwamba amewahi kushika nyingi.

"Hii ni ya kwangu," akasema. "Nilimpa baba yako."

Nikamuuliza kama anaujua wimbo. Akasema nyimbo za wakati ule hazijui kwa majina, anazijua kwa namba. K4 ilikuwa ya madereva wa malori. C7 ilikuwa ya karani mmoja aliyekuwa akilia kila akilewa. Palikuwa na moja ya Maroon Commandos, ile bendi ya jeshi, "Charonyi Ni Wasi", iliyoimbwa kwa Kitaita, na hiyo ilichezwa na watu wa nyumbani wakitaka wageni wajue wako kwa nani. Kuna nyimbo alizisikia mara 30 kwa usiku mmoja. "Wewe unasema zilizopendwa," akaniambia. "Mimi zilinipita masikioni kama treni. Ukikaa karibu na reli unapenda treni?"

Halafu akanieleza habari ya shilingi nyekundu. Mwenye baa alikuwa na shilingi kumi hivi alizozipaka rangi ya kucha. Saa kumi jioni, baa ikiwa tupu na barabara ikiwa na vumbi tu, mhudumu alipewa moja ili aiamshe mashine, watu wanaopita wasikie kwamba ndani kuna uhai. Mtu wa mashine alipokuja mwisho wa mwezi kufungua sanduku la sarafu, zile nyekundu zilirudishwa kwa mwenye baa, kwa kuwa zilikuwa zake. Nilikuja kusoma baadaye kwamba desturi hiyo ilikuwepo Marekani pia. Shangazi hakuhitaji kusoma. Alikuwa na moja ndani ya kopo la vifungo, na alikwenda kuileta. Kichwa cha Kenyatta upande mmoja, na juu ya shavu lake mabaki ya rangi, kama damu ya zamani.

"Jioni ile moja nilichagua mimi," akasema. "Nikachagua upande wa pili."

Kila siku ya kazi, saa kumi, upande wa pili, kwa miezi mingi. Mtu wa mashine alipobadilisha santuri zilizochakaa aliziuza kwa bei ya chini kwa yeyote aliyezitaka, na shangazi akanunua ile moja. Hakuwa na kitu cha kuichezea. Akampa kaka yake, ambaye alikuwa nacho. Baba aliishi na santuri hiyo miaka zaidi ya 20 akiamini kwamba iliharibiwa na walevi.

*

Hapa niliona uhakiki wangu umekamilika. "Sina Makosa", kwa wasioujua, ni mwanamume anayejitetea mbele ya mwanamume mwenzake kuhusu mwanamke. Yule mwingine amekasirika na anashuku. Huyu anasema hana kosa, kila mtu ana wake. Ni wimbo mzuri sana, mpole, wenye huzuni ya kistaarabu, na mwanamke anayegombewa hasemi neno ndani yake. Upande wa pili magitaa ndiyo yanayotawala. Kwa hiyo, nikajiambia, mhudumu wa baa, mwanamke aliyezungukwa usiku kucha na wanaume wanaozungumza juu ya wanawake, alipopata shilingi yake alilipia pale ambapo wanaume wananyamaza. Nilikuwa nimeshaiandika aya hiyo kichwani.

Nikamuuliza. Nikamweleza maoni yangu, kwa uangalifu, nikitumia maneno ya kawaida.

Shangazi alizisukuma kunde pembeni. "Labda," akasema. "Ni kweli walikuwa wakisema sana, na yule mwanamke hakuulizwa. Lakini mwanangu, upande wa kwanza ukicheza watu husimama mlangoni kusikiliza maneno, kisha huingia. Upande wa pili haukuwa na maneno mengi, walipita tu. Nilipata dakika nne za kuvua viatu."

Nilikaa na jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Mwenye baa alimpa shilingi ili aite wateja, naye akaitumia kuwachelewesha. Huko ni kusoma wimbo kwa makini kuliko nilivyousoma mimi. Mimi nilitazama maneno yanasema nini. Yeye alijua maneno yanafanya nini kwa mtu anayepita barabarani, na magitaa hayafanyi nini, na akapima tofauti hiyo kwa miguu yake. Alipomaliza kunijibu aliongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba hata hivyo yale magitaa yalikuwa mazuri. Alikuwa akiyasikiliza huku ameweka miguu juu ya kreti.

Ninachotaka kutoka kwenye kumbukumbu za muziki wetu ni kitu cha aina hiyo. Sitaki zifutwe. Nataka zitaje bei, na nani aliilipa kwa namna gani.

Na bei haikuwa ya wahudumu pekee. Wanamuziki wengi wa Nairobi ya wakati ule walilipwa mara moja, siku ya kurekodi, na haki zikabaki kwa kampuni. Shilingi iliyotiwa kwenye mashine ilikwenda kwa mwenye baa na mwenye mashine. Hata Marekani ilikotoka jukiboksi, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909 iliziachilia mashine za kutia sarafu zisilipe watunzi kwa kila wimbo unapochezwa, na msamaha huo uliondolewa tu na sheria ya 1976 iliyoanza kutumika 1978. Kwa karibu miaka 70, mashine tunayoikumbuka kwa machozi ilikuwa, kisheria, mahali ambapo mtunzi hakuwepo. Mzee anayesema "tulikuwa tukiwaunga mkono wasanii wetu kwa shilingi zetu" anasema kweli kuhusu nia yake. Kuhusu shilingi yenyewe anakosea.

Leo nyimbo hizi zinarudi kwa njia mpya, na nyingine ni njia njema. Mkusanyiko wa Kenya Special uliotolewa na kampuni ya Soundway ya London mwaka 2013 ulizitoa santuri za miaka ya 70 na 80 kwenye masanduku kama la baba na kuzipa masikio mapya. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa umefanya hivyo kwa taarabu ya Mombasa na bendi za Tanzania. Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018, anatolewa upya na mjukuu wake mwenye jina lilelile, KMRU, ambaye mwenyewe ni msanii wa muziki wa kielektroniki, na hapo angalau jina la familia limo kwenye kazi. Nairobi kuna vijana wanaokwenda Soko la Kenyatta Jumamosi kupekua santuri kuukuu kwa vidole vyeusi kwa vumbi. Nimekuwa mmoja wao.

Lakini matoleo mapya mengi huziunganisha zile pande mbili kimyakimya. Najua kwa nini. Ndivyo bendi ilivyoucheza wimbo studio au ukumbini, mtu anaweza kusema, na kisu kilikuwa cha kampuni. Ni hoja nzuri na karibu ninaikubali. Ila msikilizaji wa miaka 20, akiusikia wimbo wa dakika nane ukitiririka, atadhani watu wa wakati ule walipewa hivyo, wakaufurahia hivyo, bila kuinuka, bila kulipa mara mbili, bila kugombana. Atairithi raha bila mshono wake. Ombi langu kwa wanaozitoa upya ni dogo: pale wimbo ulipokatwa, tuambieni. Andikeni kwenye kijitabu: hapa palikuwa na mwisho wa upande wa kwanza. Anayetaka kujua ni nani aliyesimama hapo, akiwa na sarafu au bila sarafu, atakuwa na pa kuanzia.

Siku ile kabla sijaondoka nilimchezea shangazi wimbo kwenye simu yangu, ule uliounganishwa. Alisikiliza mwanzo kwa adabu. Waimbaji walipokuwa wakiendelea na utetezi wao akauliza kama hii simu inaweza kuruka. Nikamwonyesha. Akauweka wimbo katikati kwa kidole gumba chenye unga wa kunde, akakosa, akarudi nyuma kidogo, akapata. Akaiweka simu juu ya ungo, akavua ndara zake, akaendelea kuchambua.

Ile shilingi nilitaka kumwomba. Sikumwomba. Alikuwa ameshairudisha kwenye kopo la vifungo.